Alfred Russel Wallace na Swali la "Kilipatikana Wapi?"



Muhula uliopita, katikati ya kipindi cha falsafa ya maumbile, mwalimu wetu alinyamaza ghafla, akaelekeza kidole dirishani. Kwenye mti ulio karibu na kisima palikuwa na viota vingi vinavyoning'inia, na ndege wa manjano wakiingia na kutoka kwa kelele. "Yule ni nani?" akauliza. Tukajibu, "Ndege." Akacheka. Tulikuwa tumemaliza wiki tatu tukijadili kiini cha kitu, yaani kile kinachokifanya kitu kiwe kile kilicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusema yule alikuwa ndege gani. Jioni nilimuuliza mzee anayetunza bustani yetu. Hakuinua hata kichwa. "Huyo ni mnana, Frateri. Ungemuuliza hata mtoto wa kijijini angekuambia."

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka maktaba kutafuta habari za watu waliotumia maisha yao kuvitambua viumbe kimoja kimoja. Wengi tunamjua Charles Darwin, walau kwa jina na kwa ugomvi. Mimi nilinaswa na mwenzake asiyetajwa sana, Mwingereza Alfred Russel Wallace. Kwanza nilivutiwa na umri wake: alikuwa na miaka 25, kama mimi leo, alipopanda meli kwenda Amazon. Baadaye nilivutiwa na jambo dogo zaidi, yaani karatasi aliyoifunga mguuni mwa kila ndege.

Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji mdogo wa Usk, Wales. Nyumba yao ilikuwa na mali kidogo, nayo ikapotea. Alipofika miaka 14 shule ikaishia hapo. Alikwenda kwa kaka yake William kujifunza kazi ya kupima ardhi, na kwa miaka kadhaa alitembea mashambani. Katika kutembea huko akaanza kujiuliza majina ya maua aliyoyakanyaga, akanunua kitabu cha bei nafuu cha mimea, akajifundisha mwenyewe. Mwaka 1844 alipata kazi ya ualimu katika mji wa Leicester. Huko akakutana na kijana mwingine, Henry Walter Bates, ambaye burudani yake ilikuwa kukusanya mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu. Bates alimwambia kwamba ndani ya maili kumi kuzunguka mji ule huenda zikapatikana aina elfu moja za mbawakawa. Wallace alishangaa, maana alikuwa ameishi mashambani miaka yote ile na hakuwahi kuziona.

Mwezi Aprili 1848 vijana hao wawili waliondoka Liverpool kuelekea Pará, mji wa Brazili ambao leo tunauita Belém. Hapa inafaa kueleza jinsi walivyojigharimia, kwa sababu ndipo habari yenyewe inapoanzia. Darwin, miaka kumi na saba kabla yake, alisafiri katika meli ya jeshi la majini huku baba yake tajiri akilipia gharama zake. Wallace hakuwa na baba wa namna hiyo. Aliishi kwa kuuza. Alikamata wadudu na ndege, akawakausha, akawafunga vizuri na kuwatuma kwa wakala wake London, Samuel Stevens. Stevens aliwauzia matajiri na makumbusho, akatoa chake, akatuma fedha iliyobaki. Wanunuzi wengi walitaka kipepeo mzuri wa kuweka kwenye kabati la kioo. Kama amepatikana ukingo huu wa mto au ule, hilo halikuwahusu.

Lakini Wallace lilimhusu. Aliporudi Uingereza alisoma mbele ya wanasayansi, mwaka 1852, makala kuhusu nyani na tumbili wa Amazon. Ndani yake kuna lalamiko ambalo mtu wa haraka angelipita tu: kwamba wanyama waliomo katika makumbusho wana lebo zilizoandikwa "Brazili" au "Amazon", basi. Brazili ni nchi kubwa kama bara. Ni sawa na mtu akuulize umezaliwa wapi, nawe umjibu, "Duniani."

Kwa nini jambo hilo lilimuuma? Kwa sababu alikuwa amegundua kwamba mto wa Amazon pamoja na Rio Negro na Madeira ni kama kuta. Tumbili wa aina fulani anaonekana upande mmoja hadi ukingoni kabisa mwa maji, ila ng'ambo hayupo; yupo ndugu yake anayefanana naye, mwenye tofauti ndogo. Ukipanda kuelekea kwenye chemchemi, ambako mto ni mwembamba, tofauti hiyo inapungua. Hapo swali linajileta lenyewe. Ikiwa mazingira ya pande zote mbili ni yaleyale, msitu uleule na mvua ileile, kwa nini viumbe wawe tofauti? Swali hilo huwezi kulisikia kama lebo yako inasema "Brazili". Nami niongeze jambo ambalo Wallace mwenyewe alilikiri waziwazi: wawindaji wenyeji walilijua tayari. Walipomtaka mnyama fulani walivuka mto, bila kusoma kitabu chochote.

Safari hiyo ya kwanza iliisha kwa msiba. Mdogo wake, Herbert, aliyemfuata mwaka 1849, alifariki kwa homa ya manjano mjini Belém mwaka 1851, na Wallace hakuwapo. Mwenyewe alikuwa amedhoofishwa na homa alipopanda meli iitwayo Helen mwezi Julai 1852 kurudi nyumbani, akiwa na sampuli za miaka ya mwisho ambazo hazikuwa zimetumwa bado, pamoja na kasuku na tumbili hai. Tarehe 6 Agosti, katikati ya Bahari ya Atlantiki, meli ilishika moto. Wallace aliingia kwenye chumba chenye moshi akatoa sanduku dogo la bati lenye nguo chache na michoro yake ya samaki na michikichi. Vingine vyote viliungua. Kutoka kwenye mashua aliwatazama wanyama wake wakikimbilia pale ambapo moto haujafika, kisha moto ukafika. Kasuku mmoja tu aliyeanguka majini ndiye aliyeokolewa. Walikaa siku kumi baharini katika mashua zinazovuja kabla ya meli nyingine kuwaokota.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Miaka minne ya kazi, na mdogo wake kaburini. Sisi tunaopoteza usingizi kwa sababu ya insha iliyofutika kwenye kompyuta tunaweza kupima. Bima aliyokuwa ameikata Stevens kwa busara zake ilimsaidia asife njaa, na kwa michoro iliyookoka na kumbukumbu zake akaandika vitabu viwili mwaka uliofuata. Aliapa mara nyingi kwamba hatapanda meli tena. Mwezi Machi 1854 akapanda.

Safari ya pili ilikuwa ya visiwa vya Malay, yaani maeneo ambayo leo ni Singapore, Malaysia, Indonesia na Timor Mashariki. Alikaa huko miaka minane, kuanzia 1854 hadi 1862. Kwa hesabu yake mwenyewe alisafiri kama maili 14,000 na kukusanya sampuli 125,660. Kati ya hizo mbawakawa peke yao walikuwa 83,200, na ndege 8,050. Alilala katika vibanda vya makuti, siafu wakimlia ndege waliokuwa wakikaushwa, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea kwa majuma. Na safari hii kila kisiwa kiliandikwa.

Mwaka 1856 alipita kisiwa cha Bali, kisha akavuka kwenda Lombok. Mlango wa bahari unaotenganisha visiwa hivyo ni mwembamba. Ukiwa ufukweni unakiona kisiwa cha pili kwa macho. Hata hivyo, Bali ndege walikuwa wa Asia. Lombok alikuta kakatua, kasuku weupe ambao kwao ni Australia, na ndege wafukiao mayai yao katika vichuguu vya udongo na majani ili yaanguliwe kwa joto la huko ndani, nao ni wa upande huohuo. Ni kama amevuka kutoka bara moja kwenda jingine kwa saa chache. Wallace aliona sababu katika kina cha bahari. Kati ya Bali na Asia maji ni ya kina kifupi, hivyo zamani bahari iliposhuka palikuwa nchi kavu na wanyama walitembea. Kati ya Bali na Lombok kina ni kirefu, hivyo maji hayakuondoka. Mstari huo hadi leo unaitwa Mstari wa Wallace. Ulichorwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akiandika, kila ndege kwa ndege, huyu Bali, huyu Lombok.

Februari 1858, akitetemeka kwa homa, alipata wazo lililounganisha mambo hayo yote, akaliandika na kulituma kutoka kisiwa cha Ternate kwa Darwin. Kwa ufupi wazo ni hili. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Watoto hao hawalingani sawasawa. Wale ambao tofauti yao inawafaa mahali walipo ndio wanaobaki na kuzaa, na baada ya vizazi vingi mno tofauti ndogo zinakuwa kubwa, hadi aina moja inakuwa nyingine. Ndio uteuzi wa asili. Darwin alikuwa amelitunza wazo hilohilo kwa miaka ishirini bila kulichapisha. Maandishi ya wote wawili yalisomwa London tarehe 1 Julai 1858, na mwaka uliofuata kitabu cha Darwin kikatoka. Wallace, aliyekuwa bado kisiwani, hakulalamika kamwe kwamba ameporwa. Kitabu chake kikubwa cha safari, cha mwaka 1869, alikiandikia wakfu kwa Darwin.

Najua baadhi ya wasomaji wetu, hasa wazazi walioleta watoto wao seminari, wanapata wasiwasi frateri anapoandika habari hizi. Niwatulize kwa mambo mawili. La kwanza, Papa Pio XII katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu una asili katika viumbe waliotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hii sasa ni zaidi ya dhana tu. La pili ni Wallace mwenyewe. Kuanzia mwaka 1869 alitofautiana na Darwin hadharani: alisema akili ya binadamu, yenye hisabati, muziki na dhamiri, haielezeki kwa uteuzi wa asili peke yake. Ila tusikimbilie kumfanya wa kwetu. Alikuwa mfuasi wa mambo ya kuongea na mizimu, jambo ambalo Kanisa halilikubali, na hakuwa Mkristo wa kwenda kanisani. Tumpokee alivyo.

Kuna jambo ambalo mimi binafsi limenitatiza zaidi kuliko mageuko. Wallace aliua. Sampuli ni mnyama aliyekufa. Huko Sarawak, mwaka 1855, alimpiga risasi orangutangu jike, kisha akakuta mtoto wake mchanga ameangukia kwenye matope. Akamchukua. Hakukuwa na maziwa, akamnywesha maji ya wali kwa chupa. Alimtengenezea kitanda, akamwogesha, akamtafutia tumbili mdogo wa kumfariji, akaandika barua nyumbani akimsifu kama mzazi anavyomsifu mwanawe. Baada ya takriban miezi mitatu mtoto yule akafa. Wallace alihuzunika kweli, kisha akaihifadhi ngozi na mifupa yake. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu. Siwezi kumtetea, na siwezi pia kusema kwamba upendo ule ulikuwa wa uongo. Siku hizi mengi yanafanyika kwa kamera, kwa kinasa sauti, au kwa unyoya mmoja, na hilo ni jema.

Mwenyewe hakuwa kipofu. Mwaka 1857, katika visiwa vya Aru, aliletewa kwa mara ya kwanza ndege wa peponi aina ya mfalme: mdogo, mwekundu anayeng'aa, mkiani ana nyuzi mbili zinazoishia kwa duara la kijani. Wenyeji walimshangaa mzungu anayetetemeka kwa sababu ya ndege. Mzee mmoja alikuwa na maelezo yake: wanyama wote hao wakifika kwao watafufuka. Wallace aliandika kwamba vizazi na vizazi vya ndege hao vimeishi na kufa katika msitu ule pasipo jicho la kuuthamini uzuri wao, na kwamba watu wa mataifa yaliyostaarabika wakifika huko na kuvuruga msitu, watawamaliza viumbe hao ambao wao peke yao ndio wangeweza kuuelewa uzuri huo. Akahitimisha kwamba viumbe vyote hai havikuumbwa kwa ajili ya binadamu.

Sentensi hiyo tuliijadili na wenzangu hadi kengele ya kimya ikalia. Mmoja alisema inapingana na Mwanzo, sura ya kwanza, pale mtu anapopewa kutawala. Nikamsomea Katekisimu namba 339, inayofundisha kwamba kila kiumbe kina wema na ukamilifu wake chenyewe, na Laudato Si' namba 33, ambapo Papa Fransisko anakataa kuzitazama spishi kama mali ya kuvunwa tu na kusikitikia maelfu zinazotoweka kila mwaka. Katika Mwanzo hiyohiyo Mungu anaona kwamba ni vyema kabla mtu hajaumbwa. Mwenzangu hakukubali yote, lakini alikubali hilo la mwisho.

Mwaka 1863, akiwa amerudi London, Wallace alisoma makala mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia. Alisema kila spishi ni kama herufi katika kitabu cha historia ya dunia. Herufi chache zikipotea sentensi haisomeki. Akaziomba serikali zikusanye na kutunza kabla hatujachelewa. Kisha akasema jambo ambalo, nikiwa muumini, lilinichoma. Alisema vizazi vijavyo vitatushangaa: watu waliodai kwamba kila kiumbe hai ni kazi ya mikono ya Muumba na ushahidi wake bora, nao wakaviacha vipotee usoni pa dunia bila kutunzwa na bila hata kujulikana. Aliyesema hivyo hakuwa mtu wa sala. Alikuwa akituambia sisi wa sala.

Jambo hili haliko mbali nasi. Katika misitu ya Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, kuna nyani ambaye wanasayansi walimtangaza kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mwanzo walimweka katika kundi lililojulikana, halafu mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima katika shamba la mahindi, akachunguzwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji. Neno la pili si la Kilatini. Ni jina ambalo wenyeji walikuwa wakimwita siku zote. Watafiti walilisikia kwanza kutoka kwa wawindaji, wakadhani labda ni hadithi.

Hapo ndipo lebo za Wallace zina pengo. Ziliandika mahali. Hazikuandika ni nani aliyemleta ndege. Mara nyingi alikuwa kijana Mmalay aitwaye Ali, ambaye Wallace alimwajiri Sarawak mwaka 1855 kama mpishi. Ali alijifunza kulenga bunduki na kuchuna ngozi ya ndege bila kuichana, akawa msaidizi mkuu, naye akawafundisha wengine. Alimuuguza Wallace katika homa. Mwaka 1858 katika kisiwa cha Bacan, Ali ndiye aliyerudi kutoka msituni na ndege wa ajabu mwenye manyoya marefu meupe yanayochomoza kwenye mabega, ambaye hakuna mtaalamu wa Ulaya aliyewahi kumwona. Leo ndege huyo anaitwa Semioptera wallacii. Kwa haki ya Wallace, ni yeye mwenyewe aliyesimulia kitabuni kwamba Ali ndiye aliyempata.

Waliagana Singapore mwaka 1862. Wallace alimpa fedha, bunduki mbili na vitu vingine, akampeleka kupiga picha. Picha hiyo ipo. Kisha akarudi Uingereza, akaishi hadi tarehe 7 Novemba 1913, akafariki akiwa na miaka 90. Mwaka 1907 Mmarekani mmoja mtaalamu wa wanyama, Thomas Barbour, alikuwa akitembea kisiwani Ternate. Mzee mmoja wa Kimalay mwenye kofia ya buluu alimsimamisha njiani, akajitambulisha. Akasema jina lake ni Ali Wallace.